Mbwa Aliyelala Kwenye Kivuli cha Stoyna

Jumanne ile ilianza kama Jumanne yoyote ya mwezi wa tano. Stoyna alikunywa kahawa yake, akamwagilia miche ya nyanya, akatema mate upande wa shemeji yake Mincho, kisha akapanda basi la saa moja na nusu kwenda Burgas kuchukua mbwa. Hilo la kutema mate msilishangae. Alilifanya kila asubuhi kwa miaka tisa, mvua inyeshe, jua liwake, na sisi wa kijiji cha Kalovets tulikuwa tumelizoea kama tulivyoizoea kengele ya kanisa.

Stoyna alikuwa fundi cherehani, mjane wa Tanas. Mincho ndiye mdogo wake Tanas, fundi mwashi, mtu wa mikono mizuri na moyo wa gogo. Tanas alipofariki, Mincho aliona hiyo ndiyo nafasi: akainua ukuta wa banda lake nusu mita ndani ya ua wa mjane. Siku ya arobaini, wageni wamekaa mezani wanakula ngano ya kuchemsha ya marehemu, yeye alikuwa huko nyuma anakoroga saruji. Tulilisikia koleo lake likikwaruza huku padri akisoma sala. Tangu siku hiyo Stoyna aliendelea kumwita shemeji, lakini kwa namna alivyolitamka neno hilo ungedhani anataja ugonjwa.

Habari ya mbwa ilitoka kwa binti yake anayefanya kazi Italia. "Mama, chukua mbwa," alimwambia kwa simu. "Angalau uwe na wa kuzungumza naye. Utaishia kugombana na kuku."

Kituo cha mbwa waliookotwa kilikuwa nje ya mji, mabanda marefu chini ya mapaa ya bati, mahali pasipofika jua hata punje. Msichana wa pale, Zornitsa, alimpitisha mbele ya mbwa wakubwa waliobweka mpaka masikio yakauma. Kwenye banda la mwisho alikuwapo mmoja tu, mdogo, mweupe, na mguu mmoja wa mbele mweusi kana kwamba umekanyaga lami. Huyo hakubweka. Alikuja, akapitisha pua kwenye nyavu, akalamba kidole gumba cha Stoyna taratibu, kama mtu anayebusu mkono wa bibi yake.

"Huyu ni mtoto?" Stoyna akauliza.

"Hapana, mama. Ni mtu mzima. Yuko hivyo hivyo tangu tumpate, miaka miwili, hajaongezeka hata kidole." Zornitsa alisita. "Ila amerudishwa mara tatu."

"Kwani anang'ata?"

"Hajang'ata mtu. Hajaiba hata mfupa."

"Sasa wamemrudishia nini?"

Zornitsa alitazama huku na huku, akapunguza sauti. "Waliomrudisha si waliomchukua. Ni ndugu zao. Wenyewe hawakuja." Halafu akajilazimisha kutabasamu. "Ana mapenzi sana, mama. Labda yamezidi."

Mtu mwenye masikio angesikia. Lakini Stoyna alikuwa na miaka tisa bila kuguswa na kiumbe, na kile kiulimi kilikuwa bado kinalamba kidole chake. Akatia sahihi karatasi, akampa jina la Troha, maana yake chembe ya mkate, akambeba kifuani mpaka kwenye basi.

Nisiwe mchoyo wa ukweli: alimpenda. Alimpenda vibaya sana. Mbwa alilala juu ya miguu yake alipokuwa kwenye cherehani. Alipolia, maana wajane hulia hata wale wenye ndimi kama wembe, mbwa alipanda mapajani na kulamba machozi. Alipotoka nje, Troha alitoka naye, na alipokaa kwenye kigoda kumenya viazi, Troha alijilaza pale pale ardhini mbele yake, ndani ya kivuli chake. Akisogea kidogo, mbwa husogea kidogo. Jua likigeuka na kivuli kikigeuka, mbwa naye hugeuka.

"Joto linamwonea," Stoyna aliwaambia majirani. "Nikiwa mwavuli wa mbwa, si mbaya. Nimekuwa mwavuli wa watu wabaya zaidi."

Siku ya tisa Mincho alichungulia juu ya uzio wa mbao, akamwona mbwa. Alichungulia kwa nia ya kutukana, kama kawaida, mdomo ulishafunguka. Tusi halikutoka. Macho yake yalishuka mpaka kwenye ule mguu mweusi, yakabaki hapo, na uso wake ukawa na rangi ya chokaa.

"Umemtoa wapi huyo?"

"Mbinguni, shemeji. Nilikwenda kukuulizia nafasi, wakaniambia imejaa."

"Stoyna, mtoe huyo mbwa hapa."

"Kwenye ua wangu? Au hii nusu mita nayo ni yako?"

Mincho aliokota bonge la udongo, akarusha. Lilimkosa mbwa, likapasukia kwenye mti wa cheri. Troha hakukimbia. Alimtazama Mincho akitikisa mkia, akitikisa, akitikisa, kama aliyekutana na mtu anayemjua. Mincho akarudi ndani akafunga mlango. Stoyna alicheka mpaka akashika mbavu. Ikiwa mbwa anamchukiza Mincho, basi mbwa huyo ni wa kufugwa miaka mia.

Wiki ya tatu, saa kumi alasiri, Stoyna alikuwa anaanika mashuka. Jua la pembeni, kali. Kila kitu uani kimelaza kivuli chake chini: nguzo ya kamba, ndoo, kuku, hata uzi uliokuwa ukining'inia kwenye aproni yake. Troha alikuwa ametoka kunywa maji, anarudi kwake katikati ya ua, mahali peupe.

Chini yake hapakuwa na kitu.

Stoyna alifikiri ni macho. Akayafikicha. Mbwa alikuwa anatembea juu ya ardhi yenye mwanga mtupu, miguu minne, na chini ya miguu minne mwanga tu. Kisha akafika alipozoea, akalala. Lakini safari hii hakulala usingizi. Alinyoosha shingo, akaanza kulamba ardhi.

Stoyna alifuata kile ulimi ulichokuwa ukilamba. Jicho la fundi cherehani halihitaji futi. Kivuli chake, ambacho saa kama ile hufika ukingo wa kisima, kiliishia kwenye jiwe la tatu la njia ya kisimani. Aliinua mikono kuona kama ni mashuka yanayomdanganya. Kivuli nacho kikainua mikono. Kilikuwa na mikono. Kilikuwa na mabega. Hakikuwa na kichwa.

Mbwa alimtazama, akalamba midomo yake, akatikisa mkia.

"Nilikwambia umtoe," sauti ikasema.

Ilikuwa ya Mincho, kwenye mwanya wa uzio, chini sana, kama mtu aliyepiga magoti. Stoyna hakugeuka. Hakuweza kuyaondoa macho yake kwenye ardhi.

"Unamjua," akasema.

"Namjua."

"Sema basi. Sema kabla sijakuletea jembe."

Mincho alisema, kwa kunong'ona, na ilikuwa mara ya kwanza kwa miaka tisa wawili hao kuzungumza bila matusi. Miaka miwili nyuma alikuwa anajenga hoteli huko pwani. Ukuta mmoja ulikataa. Waliuinua mchana, asubuhi wakaukuta umepasuka kutoka juu mpaka chini. Mara nne. Sasa hapa kwetu hakuna mwashi asiyejua dawa ya ukuta wa namna hiyo: unachukua uzi, unapima kivuli cha mtu bila yeye kujua, unauzika uzi ndani ya ukuta. Ukuta husimama. Aliyepimwa hufa siku ya arobaini, na roho yake hubaki humo kulinda nyumba. Kila mwashi atakuapia kwamba babu yake ndiye aliyefanya hivyo, yeye kamwe.

"Nilishindwa kumpima mtu," Mincho akasema. "Mimi si muuaji. Palikuwa na kijibwa kinazurura pale kwenye mchanga, hakina mwenyewe. Nikasema, huyu nani atamlilia?"

"Na ukuta ukasimama."

"Umesimama mpaka leo."

"Na mbwa akafa?"

"Hilo ndilo kosa langu. Arobaini huhesabiwa na wafiwa, Stoyna. Yule hakuwa na mfiwa. Hapakuwa na wa kumhesabia siku, kwa hiyo hazikutimia. Hakufa. Kivuli kimo ukutani, mwenyewe yuko nje, na anatafuta."

Troha alikuwa amejikunja juu ya mabega ya kivuli cha Stoyna, macho yamefumba nusu, amejaa raha.

"Mrudishe alikotoka," Mincho akanong'ona.

"Alikotoka ni kwako, shemeji," Stoyna akasema, na safari hii alitamka neno hilo polepole, herufi kwa herufi.

Kesho yake mchana Mincho alikuwa kazini. Stoyna aling'oa mbao mbili za uzio, akambeba Troha kifuani kama siku ile ya basi. Mbwa alimlamba kidevu. Alimpitisha kwenye tundu, akamwangusha upande wa pili, akazipigilia mbao misumari kabla mbwa hajageuka. Mbwa alilia siku mbili. Alikuna mbao, akachimba chini yake, na Stoyna alikaa kwenye cherehani akikanyaga pedali bila kitambaa, ili asimsikie. Siku ya tatu kukawa kimya.

Kivuli chake kikaanza kurudi. Kwanza shingo, kisha kidevu, kama nywele zinavyoota baada ya kunyolewa. Akafurahi. Kwa nini nimfiche? Alifurahi kwa mambo mawili: kwamba anapona, na kwamba kwa Mincho kuna kitu kinalamba ardhi. Alikaanga maini yenye vitunguu, akajimiminia rakia, ile pombe kali ya matunda, kikombe kizima, akanywa akitazama ukuta wa banda.

Wagombanapo fahali wawili, tunajua ni nani huumia. Jumamosi ile, saa nne asubuhi, Stoyna alisikia kicheko cha mtoto.

Alikuwa Desa, mjukuu wa Mincho, miaka sita, ameletwa kutoka Plovdiv kwa likizo yote ya kiangazi. Stoyna hakujua kwamba anakuja. Nani angemwambia? Lakini sasa alijua, na alikuwa na masikio.

"Babu, njoo uone! Huyu mbwa ananipenda! Nikienda huku anakuja, nikienda kule anakuja! Analala kwenye mimi ya chini!"

Stoyna alisimama na kibanio cha nguo mdomoni. Uzio ulikuwa hatua kumi. Angeweza kuita. Alijiambia Mincho anajua, Mincho ndiye mwashi, Mincho atafanya la kufanya. Akaanika shuka. Akaanika la pili. Mtoto akacheka tena, na yeye akaingia ndani, akafunga dirisha.

Na ni kweli Mincho alijaribu. Alimtia mbwa kwenye gunia, akaendesha gari kilomita thelathini mpaka msituni. Alfajiri mbwa alikuwa kitandani kwa Desa, amekumbatiwa. Alimpeleka mbali zaidi, ng'ambo ya mto, akamfunga kwenye mti kwa mnyororo. Alfajiri mbwa alikuwa kitandani kwa Desa, na mnyororo shingoni.

Siku ya nane Mincho alikuja kwenye uzio, kofia mkononi.

"Stoyna."

Hakusema shemeji.

"Njoo uone," akasema. "Tafadhali. Njoo."

Stoyna hakuwa amekanyaga ua ule kwa miaka tisa. Akakanyaga. Ilikuwa saa kumi na nusu, mwezi wa saba, joto la kuyeyusha lami. Desa alikuwa amekaa kwenye kigoda katikati ya ua, juani, amevaa sweta la sufu lenye vifungo mpaka shingoni. Midomo yake ilikuwa na rangi ya majivu. Daktari wa mjini alikuwa amesema ni upungufu wa damu, akampa matone.

Kigoda kilikuwa na kivuli. Miguu mitatu na ubao wake, vizuri kabisa. Juu ya kivuli cha ubao hapakuwa na mtu.

Stoyna alipiga magoti. Alipapasa ardhi kuzunguka viatu vya mtoto, kama mtu anayetafuta sindano iliyoanguka. Alipapasa mpaka chini ya soli. Hata pale palikuwa na mwanga.

"Chako kiliota tena," Mincho akanong'ona. "Nimekiona juu ya uzio. Na chake kitaota?"

"Changu kilibaki na miguu. Kilikuwa kirefu, hakuwahi kukimaliza. Huyu ni mtoto. Ana kivuli cha kiganja." Akajifuta mikono kwenye aproni. "Kisicho na mzizi hakichipui."

Desa alimshika Stoyna mkono. Vidole vyake vilikuwa baridi kama vijiko.

"Bibi," akasema kwa sauti ndogo, "Troha hana njaa tena."

"Yuko wapi?"

"Yule anakuja. Mtazame chini yake. Ana mtu."

Mbwa alikuwa anatoka nyuma ya banda. Mdogo, mweupe, mkia unacheza. Alikatiza ua wote, bila haraka. Na chini yake, juu ya ardhi, kikiungana na makucha yake, kilikuja kivuli. Kilikuwa na mikono miwili. Kilikuwa na gauni. Kilikuwa na nywele zilizosukwa mikia miwili, na zilirukaruka kila mbwa alipopiga hatua.

Mincho alitoa sauti ambayo sijui niiandikeje.

Mbwa alilala kando ya kigoda. Kivuli cha msichana kikalala naye, kikiwa kimekunja magoti.

Hapo ndipo Stoyna alipomgeukia shemeji yake, akasubiri. Alisubiri aseme. Neno lenyewe lilikuwa moja tu na wote wawili walilijua: uzi. Kivuli huenda uzi unakokwenda. Ukiuweka ukutani, kinakaa ukutani. Ukiuweka kwingine, kinakaa huko. Mwenye kukitoa ndiye anayehesabiwa zile siku arobaini. Mjukuu ni wa Mincho, uzi wa kwanza ulikuwa wa Mincho, dhambi ni ya Mincho. Alisubiri muda mrefu. Mincho alitazama viatu vyake. Akaigeuza kofia mikononi, akaigeuza tena.

"Mimi nina banda sijalimaliza," akasema hatimaye.

Stoyna hakumtukana. Pengine ndiyo siku pekee alipokosa tusi la kumtosha. Alikuwa anaifikiria mikono yake mwenyewe, jinsi ilivyompitisha mbwa kwenye tundu, na lile dirisha alilolifunga. Akaenda kwake, akarudi na kibunda cha uzi mweusi wa pamba na sindano.

"Utapima wewe," akasema. "Ndiyo kazi yako."

Alisimama mbele ya ukuta wa banda, ule wa nusu mita, jua likimpiga mgongoni. Kivuli chake kililala ardhini, kikapanda ukutani, kizima, mpaka kichwa. Mincho alikipima kutoka visigino mpaka utosi. Uzi ulimponyoka mara mbili.

"Nyoosha," Stoyna akasema. "Usinipunje. Umenipunja vya kutosha."

Alikata uzi kwa meno. Akapiga magoti mbele ya Desa, akageuza pindo la gauni la mtoto, akaanza kuushona humo kwa mkono, mishono midogo ya karibu karibu, ile ambayo mabibi harusi wa vijiji vitatu walimjia kwa ajili yake. Desa alimtazama.

"Inauma, bibi?"

"Haiumi. Kaa wima."

"Unanishonea nini?"

"Kitu kikubwa kidogo. Utakua, kitakutosha."

Mshono wa mwisho alipoufunga, kitu kilipita ardhini, haraka, kama kivuli cha ndege aliyepita juu. Mtoto akavuta pumzi ndefu. Rangi ikaja midomoni. "Bibi, joto!" akasema, akaanza kuvua sweta.

Stoyna akainuka. Hakutazama chini. Alihitaji kutazama kwa ajili ya nini? Alimtazama Mincho.

"Sijakusamehe," akasema. "Sitakusamehe. Hiki si chako, ni cha mtoto. Ukisahau, nitakukumbusha."

Troha alikuja, akainusa miguu ya Stoyna. Akainusa ardhi iliyoizunguka. Hakukuta cha kulamba. Akapiga miayo, akatoka kwenye geti lililokuwa wazi, akashika barabara ya kwenda mjini, mkia juu. Walimwona mpaka kwenye kona. Zile nywele za mikia miwili ziliruka nyuma yake juu ya lami, na kwenye kona kile kivuli kikageuka kuwatazama, ingawa mbwa hakugeuka. Hajaonekana tena Kalovets. Hajasikika amekufa.

Stoyna aliishi siku arobaini, kama mtu aliyeandikiwa tarehe. Alimaliza nguo za wateja wote. Aliwapa majirani kuku. Alimpigia simu binti yake kila jioni, akamwambia mambo ya nyanya. Juani hakutoka, kwa hiyo wengi wetu hatukujua lolote mpaka baadaye. Siku ya arobaini, saa kumi alasiri, jirani alimkuta amekaa kwenye kigoda chini ya mti wa cheri, kikombe mapajani, kahawa bado ya moto. Wanawake waliomwosha waliwasha mishumaa kichwani na miguuni kama ilivyo ada. Walisema waliona vivuli vyao wenyewe ukutani, na cha kitanda. Hawakutaka kusema zaidi.

Kwenye arobaini yake Mincho alikuja. Alikaa mwanzo mpaka mwisho, akala ngano ya marehemu, hakuna aliyemsemesha. Banda lake hajalimaliza hadi leo. Anasema mgongo unauma.

Desa alianza shule tarehe kumi na tano ya mwezi wa tisa huko Plovdiv, na Mincho alikwenda kumpiga picha, kama babu wote wafanyavyo siku hiyo. Picha ile nimeiona kwa macho yangu. Aliniita nyumbani kwake, akafunga mlango, akaitoa kwenye droo. "Niambie unaona nini," akanong'ona. "Niambie mimi ni mwendawazimu." Nilitamani kumwambia hivyo.

Ni watoto ishirini wamepangwa mbele ya ukuta wa shule, kila mmoja na shada lake, wanacheka kwa jua lililo machoni mwao. Nyuma yao kuna vivuli ishirini. Kumi na tisa ni vya watoto. Desa yuko katikati, amejaa afya, mashavu mekundu, ameshika maua kwa mikono yote miwili. Kivuli kilicho nyuma yake kinawazidi wengine wote, ni cha mwanamke mzima aliyefunga kitambaa kichwani, na mkono wake mmoja uko kiunoni. Mkono wa pili ameuinua. Kidole kimenyooka, kinamwonyesha aliyeshika kamera.